Kila jeshi na hofu yake: Kwa nini ulinzi wa pamoja Afrika Mashariki unakwama

Januari 1964, ndani ya siku tano tu, nchi tatu za Afrika Mashariki zilitikiswa na askari wao wenyewe. Usiku wa kuamkia Januari 20, askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, Dar es Salaam. Januari 23 ikafuata Jinja, Uganda. Jioni ya Januari 24 ikawa zamu ya Lanet, jirani na Nakuru, Kenya.

Madai yao yalifanana. Walitaka mishahara ipande, na maofisa wa Kiingereza waondoke ili nafasi zao zishikwe na Waafrika. Askari wenyewe walitoka chungu kimoja, King's African Rifles, jeshi la mkoloni lililobadilishwa jina na bendera baada ya uhuru huku mengine yakibaki vilevile. Hata dawa ya kwanza ilikuwa moja. Serikali zote tatu ziliwaita askari wa Uingereza waje kuzima moto, fedheha isiyo ndogo kwa viongozi waliokuwa wamepandisha bendera zao juzijuzi.

Baada ya hapo kila nchi ilishika njia yake. Anayetaka kujua kwa nini nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki (EAC) zinashindwa hadi leo kuwa na sera moja ya ulinzi ana sababu ya kuanzia wiki ile.

Tanganyika ilivunja jeshi zima. Kwa miezi kadhaa nchi ililindwa na wanajeshi walioazimwa kutoka Nigeria, na Septemba 1, 1964, likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) chini ya Mrisho Sarakikya. Askari wapya walitafutwa kwanza miongoni mwa vijana wa TANU, na mwanajeshi akaruhusiwa, tena akahimizwa, kuwa na kadi ya chama. Hesabu ya Mwalimu Julius Nyerere ilikuwa rahisi kuielewa: askari aliye nje ya siasa ndiye aliyemtoa Ikulu usiku wa manane, basi aingizwe ndani ya siasa, ajione mwenye nyumba.

Uganda ilichagua kulipa. Waziri wa Mambo ya Ndani, Felix Onama, alikwenda Jinja akazuiliwa na askari hadi akakubali nyongeza. Waingereza walipotuliza kambi, wapo askari waliofukuzwa, lakini nyongeza ilibaki. Askari wakajua kwamba bunduki inasikilizwa. Miaka miwili baadaye, Mei 1966, Milton Obote alilitumia jeshi hilo kulivamia kasri la Kabaka pale Mengo, na aliyeongoza shambulio hilo alikuwa Idi Amin. Januari 25, 1971, miaka saba kamili tangu siku makomandoo wa Uingereza waliposhuka Colito kwa helikopta, Amin akampindua Obote.

Kenya haikuvunja jeshi wala haikuwabembeleza askari. Kikosi kilichoasi kilifutwa, waliopatikana na hatia wakafungwa, na mwaka huohuo Jomo Kenyatta akafikia makubaliano ya ulinzi na London. Jeshi likabaki dogo, la kitaaluma, lenye mwalimu wa Kiingereza nyuma yake, huku kikosi cha polisi cha GSU kikiimarishwa pembeni ili jeshi lisiwe peke yake na silaha nzito za kutisha. Waingereza wangali wanafanya mazoezi Nanyuki mpaka leo, pamoja na manung'uniko yote ya wenyeji, yakiwamo ya mwanamke aliyeuawa huko mwaka 2012.

Uasi ulikuwa mmoja na majibu yakawa matatu. Vitabu vya mikakati vingetarajia nchi zenye mipaka ya pamoja, uchumi unaofanana na mkoloni yuleyule ziunde majeshi yanayofanana. Hazikufanya hivyo, kwa sababu mabadiliko ya jeshi katika ukanda huu hayajawahi kuongozwa kwanza na adui aliye nje ya mpaka. Yameongozwa na tukio lililomtisha mtawala ndani ya nyumba yake.

Kenya ilipata fundisho la pili Agosti 1, 1982, askari wa jeshi la anga walipoteka kituo cha redio na kutangaza kuwa serikali ya Daniel arap Moi imeanguka. Jaribio lilizimwa siku ileile, na jeshi la anga likavunjwa na kuundwa upya. Kumbukumbu hiyo, ikichanganyika na machungu ya miaka ya chama kimoja na damu iliyomwagika baada ya uchaguzi wa 2007, ndiyo iliyokuwa mezani wakati Katiba ya 2010 ikiandikwa. Ibara ya 241 inasema jeshi linaweza kutumwa kurejesha amani ndani ya nchi, lakini kwa idhini ya Bunge la Taifa.

Juni 25, 2024, vijana walipoingia katika viwanja vya Bunge jijini Nairobi, ibara hiyo ilipata mtihani wake. Waziri wa Ulinzi alitangaza jeshi kuingia barabarani jioni hiyo, wabunge wakaridhia siku iliyofuata, na suala likafika mahakamani bila kuchelewa. Mtu anaweza kusema kwa haki kwamba idhini ilikuja baada ya kitendo. Hata hivyo Mkenya alikuwa na mlango wa kubisha.

Tanzania haina mlango wa aina hiyo, na sababu inarudi kulekule 1964. Jeshi lililozaliwa likiitwa la wananchi halikuonekana kuhitaji kuzuiwa lisiwaguse wananchi. Mfumo wa vyama vingi ulipokuja mwaka 1992, askari walirudisha kadi za chama, na ibara ya 147 ya Katiba ikawakataza kujiunga na chama chochote. Mazoea yalibaki. Si ajabu hadi leo kumkuta ofisa wa jeshi akiwa mkuu wa mkoa au wilaya, na wananchi wengi hawaoni kasoro. Ni deni la imani ambalo JWTZ ililijenga kwa miongo, katika vita ya Kagera, katika ukombozi wa Kusini mwa Afrika, kwenye mafuriko na ajali za vivuko. Imani hiyo haijaandikwa kwenye sheria yoyote. Wanajeshi walipoonekana kwenye mitaa ya Dar es Salaam kuanzia Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu na vurugu zake, hapakuwa na ibara ya kumwongoza mbunge kuuliza nani ameidhinisha, kwa muda gani, na kwa kazi ipi.

Burundi ndiko hofu iliandikwa kwa tarakimu. Kwa miongo mitatu jeshi lilitawaliwa na Watutsi, na Wahutu walilikumbuka kwa mauaji ya 1972 na kwa kifo cha Rais Melchior Ndadaye, aliyeuawa na wanajeshi Oktoba 1993, miezi michache tu baada ya kuchaguliwa. Watutsi nao waliliona jeshi hilo kuwa ukuta pekee kati yao na yaliyotokea Rwanda. Waliokaa Arusha kuanzia 1998, kwanza chini ya Nyerere na baada ya kifo chake chini ya Nelson Mandela, walijua kwamba mengine yote yangekubaliwa na kuvunjika iwapo swali la jeshi lingeachwa hewani. Mkataba wa Agosti 2000 ukaweka kwamba kabila moja lisizidi asilimia 50 ya vikosi vya ulinzi, na Katiba ya 2005 ikalibeba sharti hilo.

Watu wengi walilicheka. Jeshi la kugawana nusu kwa nusu kama chungwa, walisema, litapasuka siku ya kwanza. Siku ya kupasuka ilifika Mei 13, 2015, Jenerali Godefroid Niyombare alipotangaza kumpindua Pierre Nkurunziza, aliyekuwa Dar es Salaam kwa mkutano wa wakuu wa EAC. Jeshi liligawanyika kweli, askari wakapigana Bujumbura kuwania redio ya taifa. Lakini halikugawanyika kwa mstari wa Mhutu na Mtutsi. Niyombare mwenyewe ni Mhutu aliyetoka msituni pamoja na Nkurunziza. Katika nchi yenye historia ile, hilo ni jambo kubwa kuliko linavyosemwa. Yaliyofuata, maofisa wa zamani kuuawa au kukimbia na chama tawala kulishika jeshi kwa nguvu zaidi, yanaonyesha pia mwisho wa tarakimu: zinaweza kusema nani yumo kambini, haziwezi kusema anamtii nani.

Uganda na Rwanda zina hadithi ya mti mmoja. Jeshi la NRA lililoingia Kampala Januari 1986 lilikuwa na vijana wa Kinyarwanda waliokulia ukimbizini, akiwamo Fred Rwigyema aliyefika hadi ngazi ya naibu waziri wa ulinzi wa Uganda, na Paul Kagame aliyekuwa katika idara ya ujasusi wa kijeshi. Kutoka kambi hizo ndiko kulikozaliwa RPF iliyovuka mpaka Oktoba 1990. Kwa hiyo pande zote mbili zilijifunza somo moja: dola huanguka kwa kikosi kidogo chenye nidhamu kinachoanzia upande wa pili wa mpaka. Anayelijua hilo kwa sababu amelitenda hawezi kulala akijua kuna kikosi cha namna hiyo kwa jirani.

Kwa Kigali, hofu hiyo ina jina, FDLR, kundi lenye mizizi kwa waliotekeleza mauaji ya kimbari ya 1994 wakakimbilia Congo. Unaweza kukataa hitimisho la Rwanda kuhusu nini kifanyike, na wapo wengi wanaolikataa, lakini kujadili sera yake ya ulinzi bila 1994 ni kupoteza wino. Kwa Kampala, hofu ni wapinzani kupata njia ya mkato. Katiba ya 1995 ilibadilisha jina la jeshi kuwa UPDF na kulitaka lisiegemee chama, na papo hapo jeshi likaendelea kuwa na viti kumi bungeni. Januari 31, 2025, Mahakama ya Juu iliamua kwamba raia kushtakiwa katika mahakama za kijeshi ni kinyume cha Katiba. Kabla mwaka haujafika nusu, Bunge likapitisha sheria iliyorudisha mashauri hayo kwa mlango mwingine, na Rais akaisaini.

Kuna jambo jingine linalotengeneza sera za ulinzi hapa, ambalo majenerali hawapendi kulitaja mbele ya kipaza sauti: nani analipa. Miaka ya mwanzo ya 1990, Uganda ilipunguza zaidi ya askari 30,000 kwa msukumo na fedha za wafadhili. Vita ya kaskazini na kisha ya Congo zikafanya jeshi liajiri tena. Nchini Somalia, Uganda kuanzia 2007 na baadaye Burundi, Kenya na wengine, zilipeleka vikosi ambavyo posho zake zililipwa kwa sehemu kubwa na Umoja wa Ulaya. Ulaya ilipokata sehemu ya fedha hizo mwaka 2016, mjadala wa kuondoka ukaanza ghafla. Kwa askari wa Burundi, posho ya Mogadishu ilikuwa nyumba ya bati na ada ya watoto. Jeshi la namna hiyo mageuzi yake huandikwa nusu nyumbani na nusu Brussels.

Tofauti zote hizo zingeweza kubaki habari za ndani kama si Congo.

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo ilikaribishwa EAC mwaka 2022 ikiwa na jeshi lililoundwa kwa namna ambayo hakuna mwanachama mwingine aliyeijaribu kwa kiwango hicho. Baada ya makubaliano ya Sun City, makundi yaliyopigana yaliingizwa katika FARDC kwa vyeo. Mpango ulikuwa kuwachanganya askari na kuwapeleka mbali na maeneo walikotoka. Waliokubali kuchanganywa walitawanywa. Waliokataa, kama kundi la Laurent Nkunda kule Kivu Kaskazini, walipewa masharti nafuu, wakabaki pamoja na makamanda wao. M23 imechukua jina lake kutoka makubaliano ya Machi 23, 2009, yaliyowaingiza jeshini waasi wa kundi hilohilo, na mwaka 2012 wapiganaji wake wakateka Goma kwa madai kwamba makubaliano hayo hayakutimizwa. Kinshasa ilitoka hapo na hofu yake yenyewe: askari mwasi akirudishwa kambini ni adui aliyepewa sare. Ndiyo maana kila msuluhishi anayetamka neno kuingizwa jeshini hupokewa vibaya huko.

Novemba 2022 kikosi cha kikanda cha EAC kilianza kuingia Goma. Bunge la Kenya lilikuwa limeidhinisha zaidi ya Sh4 bilioni za nchi hiyo kwa miezi sita ya mwanzo. Wakongo walikipokea wakiamini kimekuja kupigana na M23. Nairobi iliamini kimekuja kusimama katikati na kupokea maeneo ambayo waasi wangeachia. Hakuna aliyekuwa anasema uongo, kila mmoja alikisoma kikosi kwa macho ya jeshi lake. Kwa Mkenya, jeshi hutumwa likiwa na mipaka iliyopimwa. Kwa Mkongo aliyekimbia Rutshuru, askari anayekaa karibu na mwasi bila kumpiga risasi ni mwenzake. Aprili 2023 kamanda wa kikosi, Meja Jenerali Jeff Nyagah wa Kenya, aliondoka akieleza kuwa usalama wake ulitishiwa. Desemba mwaka huo kikosi kizima kikafungasha.

Hesabu ya majeshi ya EAC yaliyokuwa mashariki mwa Congo kipindi hicho inachanganya hata mtu mwenye ramani. Uganda ilikuwa ndani ya kikosi cha EAC, na papo hapo ilikuwa Ituri na Beni kwa makubaliano yake na Kinshasa tangu Novemba 2021. Burundi ilikuwa ndani ya kikosi, na wakati huohuo ilikuwa na askari wengine waliopigana bega kwa bega na FARDC. Tanzania haikupeleka kikosi kupitia EAC, lakini ilikuwa na askari chini ya Umoja wa Mataifa, na kikosi cha EAC kilipoondoka ikaingia na kile cha SADC. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliripoti kuwepo kwa maelfu ya askari wa Rwanda pamoja na M23. Kigali inakanusha kuwaunga mkono waasi na inazungumzia hatua za kujilinda. Wote hao ni wanachama wa jumuiya moja, yenye itifaki ya ushirikiano wa ulinzi iliyosainiwa 2012 na mazoezi ya pamoja yanayoitwa, bila kejeli yoyote, Ushirikiano Imara.

Wapo wanaosema tatizo ni nia ya kisiasa, na kwamba wakuu wa nchi wakiamua, majeshi yatafuata. Hoja hiyo imeshajaribiwa. Mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda, zilizokuwa na nia kweli, zilisaini mkataba wa kulindana. Miaka mitano baadaye mpaka wa Gatuna kati ya Uganda na Rwanda ulifungwa, kila upande ukiutuhumu mwingine kwa ujasusi na kuhifadhi maadui, ukabaki hivyo hadi Januari 2022. Mkataba ulitaja adui wa nje. Haukutaja kwamba wawili kati ya waliosaini waliogopana.

Kwa hiyo kikosi kijacho, maana kitakuja kingine, hakina budi kuanzia mahali pasipopendeza. Kabla ya helikopta ya kwanza kupaa, kila nchi inayochangia iwasilishe kwa maandishi askari wengine ilionao tayari katika nchi hiyo na kwa makubaliano gani. Amri ya kazi iandikwe kwa lugha ambayo mwanakijiji wa Kibumba akisomewa kwa Kiswahili ataielewa: nani atapigwa, nani atazuiwa, nani hataguswa. Isomwe katika mabunge ya nchi zote husika. Kenya imeshaonyesha kwamba hilo halivunji siri wala halichelewesi safari. Na Bunge la Afrika Mashariki pale Arusha lipewe nguvu ya kuita makamanda na kuwahoji, badala ya kupokea taarifa zilizokwisha kuchujwa na mabaraza ya mawaziri.

Fedha nazo zitajwe mapema. Jumuiya ambayo nchi kadhaa wanachama zinadaiwa michango ya kawaida ya sekretarieti haiwezi kuahidi kulisha brigedi.

Itakuwa vigumu, hasa kwa Kigali, Kampala na Dodoma, ambako mambo ya jeshi hayazoeleki kusomwa hadharani. Lakini Warundi walikaa mezani wakaandika hofu yao kwa asilimia, wakiwa na makaburi mapya nyuma yao. Walioketi Arusha hawakuwa wanapendana.

Februari 8, 2025, chini ya wiki mbili baada ya Goma kuanguka, wakuu wa EAC na SADC walikutana Dar es Salaam kwa mara ya kwanza kikao kimoja juu ya Congo, wakawaagiza wakuu wao wa majeshi wakutane. Mwezi uliofuata SADC ikaamua kukiondoa kikosi chake. Uwanja wa ndege wa Goma ulikuwa umefungwa, na mji ulikuwa mikononi mwa M23. Mwishoni mwa Aprili malori ya kijeshi yalianza kutoka, yakivuka hadi Rwanda na kupita katika barabara zake chini ya ulinzi wa Rwanda, mashariki kuelekea mpakani, hadi Chato mkoani Geita. Ndani yake walikuwamo askari waliokuwa wamekwenda kulisaidia jeshi la Congo dhidi ya M23. Kule Chato walipangwa upya, wakahesabiwa pamoja na vifaa vyao, wakaanza kurudishwa makwao.